Uzi: Nishati inayotupwa kwenye magari ya mbio. Breki wanaivuna, egzosi wameiachia

MsomaMita

Wakuu salaam.

Kule kwenye uzi wa Formula 1 watu wanabishana sana kuhusu kanuni za 2026, nani atatamba na nani ataburuza mkia. Mimi naomba tukae hapa tuzungumzie kitu kimoja tu: nishati. Inaingia wapi, inapotelea wapi, na wahandisi wamefanya nini kuikamata. Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali alidondoshe, mwenye kujua zaidi atujazie.

Tuanze na hesabu ndogo. Chukulia gari la Formula 1 lenye uzito wa kilo 800, dereva akiwa ndani. Liko kilomita 320 kwa saa, mbele kuna kona ya kuingia kwa 80. Nishati ya mwendo ni nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Kwenye 320 unapata kama megajuli 3.2. Kwenye 80 zinabaki 0.2 tu. Kwa hiyo megajuli 3 zimeondoka kwenye gari ndani ya sekunde mbili hivi.

Kwa tuliozoea LUKU, uniti moja ya umeme ni megajuli 3.6. Yaani kona moja nzito ya kufunga breki inakula karibu uniti nzima. Kidogo kinachukuliwa na upepo, kingi kinakwenda kwenye diski za kaboni kama joto. Ndiyo maana kwenye mbio za usiku, Singapore au Bahrain, unaziona diski zimeiva rangi ya chungwa ndani ya rimu. Zinafika nyuzi joto 1,000 hivi. Sasa hesabu kona zote za kiwanja, mizunguko zaidi ya 50, magari yote yaliyomo barabarani.

Na hapo bado hatujagusa egzosi, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye mali yenyewe. Nitafika huko.

Kapteni Tanga

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Tiririka.

MsomaMita

Kipande cha pili: KERS, yaani mfumo wa kurudisha nishati ya mwendo.

Formula 1 iliruhusu kuvuna nishati ya breki kuanzia msimu wa 2009. Wazo ni jepesi. Unafunga mota ya umeme kwenye injini. Dereva akikanyaga breki, mota inageuka jenereta, inasaidia kulipunguza gari mwendo huku ikitoa umeme. Umeme unakwenda kwenye betri. Akitoka kwenye kona anabonyeza kitufe, mota inasukuma.

Kanuni iliweka mipaka miwili: nguvu isizidi kilowati 60, na kwa mzunguko mmoja usitumie zaidi ya kilojuli 400. Gawanya utaona ni sekunde 6 na ushee za kusukuma. Kilojuli 400 ni karibu sehemu moja ya tisa ya uniti ya LUKU.

Mateso yalianza kabla hata ya msimu. Julai 2008, kwenye majaribio kule Jerez, Hispania, fundi wa BMW Sauber aligusa gari lililokuwa limerudi kwenye kituo akapigwa shoti, akaanguka. Bahati nzuri hakuumia sana. Tangu hapo utawaona mafundi wa mbio wamevaa glavu za mpira, na madereva wanafundishwa kuruka kutoka kwenye gari bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja.

Msimu ulipoanza Melbourne, timu nne ndizo zilizokuwa na KERS: Ferrari, McLaren, Renault na BMW. Mfumo ule ulikuwa na uzito wa kilo 30 na kitu, na uzito ule ulizuia timu kupanga vyuma vya kusawazisha gari zinavyotaka. Timu ya Brawn walikuja bila KERS kabisa wakachukua ubingwa. Lakini Hungary mwaka huohuo Lewis Hamilton alishinda akiwa na KERS, ushindi wa kwanza wa gari la Formula 1 lenye mfumo huo. Kisha Kimi Räikkönen akashinda Spa na Ferrari yake. 2010 timu zikakubaliana kuuweka pembeni, 2011 ukarudi.

Williams walishika njia yao wenyewe. Badala ya betri walijenga flaiwili, gurudumu la kutunza nishati kwa kuzunguka, ya nyuzi za kaboni, inayozunguka ndani ya ombwe. Breki zinaizungusha, kona ikiisha inarudisha. Kwenye Formula 1 haikuwahi kushindana, ila Porsche waliifunga kwenye 911 GT3 R Hybrid mwaka 2010, na Audi wakaitia kwenye R18 e-tron quattro iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans 2012. Hilo ndilo gari la kwanza la haibridi (injini na mota ya umeme pamoja) kushinda Le Mans. Teknolojia ileile baadaye ilifungwa kwenye mabasi ya London. Ukifikiria, basi la mjini ndilo linalofaa zaidi: linasimama kila kituo, na kila kusimama ni mavuno.

Juma Soldering

Mkuu MsomaMita, shukrani. Nina swali ambalo limetusumbua gereji kwetu. Kuna fundi mwenzangu anashikilia kwamba ukifunga alteneta kwenye kila tairi la gari la umeme, gari halitahitaji kuchajiwa tena. Linajichaji likitembea. Kama F1 wanachaji wakiwa kwenye mwendo, si ndiyo hiyohiyo?

Binti Fizikia

Ngoja nimjibu huyu, mtoa uzi apumzike.

Kaka Juma, alteneta haizunguki bure. Ukiipa mzigo inakuwa ngumu kuzungusha, na ugumu huo unalivuta gari nyuma. Unapotembea kwa mwendo ule ule, kila juli unayoitoa kwenye tairi lazima mota iiongeze mbele, na njiani zinapotea nyingine kwa joto la nyaya, beringi na betri. Unachaji kwa hasara.

Kwenye breki ni tofauti kwa sababu moja tu: pale wewe mwenyewe ulishataka gari lipungue mwendo. Ile nishati ilikuwa inatupwa hata hivyo. Unachokivuna pale ni faida.

MsomaMita

Dada amemaliza. Niongeze kipengele kimoja maana kitawachanganya watu mkitazama mbio. F1 huwa wanachaji hata dereva akiwa amekanyaga mafuta hadi mwisho. Ile taa nyekundu ya nyuma ukiiona inawaka na kuzimika kwenye barabara iliyonyooka na hakuna mvua, ujue gari linavuna au limeacha kusukuma kwa umeme.

Wanafanya hivyo kwa sababu upepo unakula nguvu kwa kasi mara kasi mara kasi. Ukishafika 300, kilowati unayoongeza inakupa kilomita chache sana. Kilowati hiyohiyo ukiitoa ukiwa unatoka kona kwa 100, mwendo unaoupata unaubeba barabara yote iliyonyooka. Kwa hiyo wanakopa mwishoni mwa barabara, wanalipia mwanzoni mwa barabara inayofuata. Mafuta yanaliwa, kweli, lakini muda wa mzunguko unapungua. Kwenye mbio kinachohesabiwa ni muda.

Sasa tuingie kwenye egzosi.

Ukichoma petroli kwenye injini ya kawaida, takriban theluthi ya nishati yake ndiyo inageuka kazi. Theluthi nyingine inatoka na moshi, iliyobaki inakwenda kwenye maji ya kupozea na msuguano. Turbo yenyewe tayari ni kifaa cha kurudisha kilichotupwa: moshi unazungusha feni, feni inasukuma hewa kwenye injini. Lakini moshi huwa na nguvu kuliko turbo inavyohitaji, na ile ya ziada inafunguliwa mlango wa pembeni itoke zake.

2014 Formula 1 ilileta injini ya lita 1.6, silinda sita, turbo moja, na mashine mbili za umeme. MGU-K, ya kuvuna mwendo, ilifungwa kwenye mhimili wa injini, kilowati 120, hiyo ni KERS iliyokua. MGU-H, ya kuvuna joto la moshi, ilikaa kwenye shafti ya turbo yenyewe. Turbo ile iliruhusiwa kuzunguka hadi mizunguko 125,000 kwa dakika. Pale ambapo moshi wa ziada ungefunguliwa mlango utoke, MGU-H inaukamata ule mzunguko inautoa kama umeme. Na dereva akiachia mafuta kwenye kona, inafanya kinyume: inatumia umeme kuizungusha turbo isilale, ili akikanyaga tena nguvu iwe palepale.

Hesabu ya kanuni ndiyo itakayowaonyesha MGU-H ilikuwa na thamani gani. MGU-K iliruhusiwa kuweka kwenye betri megajuli 2 kwa mzunguko, na kupokea kutoka kwenye betri megajuli 4. Mbili zilizobaki zitoke wapi? Kwenye moshi. Na umeme wa MGU-H kwenda moja kwa moja MGU-K haukuwekewa kikomo chochote.

Rudini kwenye ile kona yetu ya megajuli 3. MGU-K ya kilowati 120 kwa sekunde mbili inakamata megajuli 0.24. Asilimia 8! Zilizobaki zote zinakwenda kwenye diski na upepo. Breki zina nishati nyingi lakini muda wake ni mfupi mno, mashine haiwahi kuimeza. Moshi hauna shida hiyo. Unatoka sekunde zote dereva akiwa amekanyaga mafuta, na kwenye viwanja vingi hiyo ni zaidi ya nusu ya mzunguko.

Matokeo yake: mwaka ule wa kwanza magari yalimaliza mbio kwa kilo 100 za mafuta, karibu theluthi pungufu ya V8 za mwaka uliotangulia, na mwendo ukiwa uleule wa ushindani. Mtiririko wa mafuta ulifungwa kwenye kilo 100 kwa saa. Kilo moja ya petroli ina kama megajuli 43, kwa hiyo injini inalishwa kilowati 1,200 hivi. 2017 Mercedes walitangaza kwamba kule kiwandani kwao Brixworth, Uingereza, injini yao imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye mashine ya kupimia. Nusu ya petroli imegeuka kazi. Kwa injini ya petroli ya kwenye gari hilo ni jambo kubwa sana, na mimi kila nikilitaja linanipa heshima kwa wale wahandisi.

nakuru_254

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri sana huu. Niongeze la kwetu, maana teknolojia hii ilifika hadi Naivasha.

Magari ya Rally1 ya ubingwa wa dunia yalikuwa haibridi kuanzia 2022 hadi 2024, kwa hivyo Safari Rally tatu tulizitazama zikiendeshwa hivyo. Kila gari lilikuwa na mota ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9, kifurushi kimoja kilichofungwa nyuma, sawa kwa timu zote. Kikijumlishwa na injini gari linavuka nguvu farasi 500. Dereva alilazimika kuvuna kwa breki kwanza ndipo apate nguvu ya ziada. Kama hukuvuna vya kutosha, hupati.

Nilichokiona kwa macho: gari linatoka kipande cha mbio cha Kedong limejaa vumbi hadi kwenye vioo, likifika eneo la mafundi linatembea kwa umeme mtupu. Husikii injini, unasikia kokoto tu chini ya tairi na mlio mwembamba wa mota. Watoto walikuwa wanaruka pembeni kwa mshangao, maana wamezoea kusikia Safari ikija kutoka mbali.

Pia tulifundishwa habari ya taa. Gari likipinduka, desturi yetu hapa ni watu kukimbilia kulisimamisha. Lakini kwa haibridi unatazama taa kwanza. Kijani, ni salama kugusa. Nyekundu, au taa haiwaki, kaa mbali usubiri wahusika. Matangazo yalirudiwa sana.

Ushindi ulikuwa wa Toyota miaka yote mitatu: Kalle Rovanperä 2022 na 2024, Sébastien Ogier 2023. Kuanzia 2025 wameondoa haibridi. Sababu ni gharama na ugumu wa mfumo. Kwa barabara zetu za mawe na mchanga laini kama unga, mimi naona walichofanya vile vifurushi kuvumilia ile mitikisiko yote ni kazi ya kupigiwa makofi.

MsomaMita

nakuru_254 asante sana ndugu yangu, hilo la taa ni muhimu na wengi hawalijui.

Kuna tukio moja nataka mlione kwa karibu, kwa sababu linaonyesha kazi ya MGU-K kuliko maelezo yoyote. Montreal, Canada, Juni 2014. Mercedes ndio wanatawala msimu, wanashinda kila mbio. Katikati ya mashindano magari yote mawili, la Hamilton na la Nico Rosberg, yakapoteza MGU-K kwa joto la vifaa vya umeme. Kwa mara moja wamepungukiwa nguvu farasi 160 hivi kwenye barabara zilizonyooka.

Lakini tatizo kubwa halikuwa hapo. MGU-K inapovuna, inavuta magurudumu ya nyuma, kwa hiyo breki za nyuma zilitengenezwa ndogo zikitegemea msaada huo. Ndiyo maana mwaka ule kompyuta iliruhusiwa kugawa kazi ya breki ya nyuma kati ya mota na kaliba (kibano kinachobana diski), dereva asihisi tofauti mguuni. MGU-K ilipokufa, mzigo wote ukaangukia zile diski ndogo. Kiwanja cha Montreal ni cha kufunga breki nzito kila baada ya barabara ndefu. Breki za nyuma za Hamilton zikaungua, akatoka. Rosberg alibaki anaziuguza, anaanza kufunga mapema, akamaliza wa pili. Daniel Ricciardo akampita mwishoni, akapata ushindi wake wa kwanza.

Kwa hiyo ile nishati iliyokuwa inavunwa, siku iliyokosa pa kwenda, ilichoma breki. Haikupotea hewani. Ni lazima iende mahali.

Dereva wa Kitonga

Wakuu mimi ni mtu wa malori, huku kwenye mbio ni mgeni. Ila hii habari ya breki kuungua naijua vizuri. Tunashuka mlima Kitonga na mzigo, ukiitegemea breki ya mguu tu umekwisha. Tunatumia ritada (kifaa cha kulishika lori bila breki ya mguu) na breki ya egzosi, gia ndogo, taratibu. Sasa swali langu: lile joto lote linalotoka pale, kuna mtu amewahi kulivuna?

MsomaMita

Mkuu swali lako ni zito kuliko unavyodhani. Piga hesabu hii: lori la tani 50, kila mita 100 za kimo linazoshuka linamwaga megajuli 49. Hizo ni uniti 13 na nusu za LUKU. Ritada inazipeleka zote kwenye maji ya kupozea, rejeta inazitupa.

Kuna lori moja la mgodini Uswisi, karibu na mji wa Biel, kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji. Limegeuzwa kuwa la umeme. Linapanda tupu, linashuka limebeba tani 65 za mawe. Kwa sababu linashuka zito na kupanda jepesi, linavuna kushuka karibu yote linayohitaji kupandia. Kitonga kwa wanaoshuka na mzigo kuelekea Dar fizikia yake ni hiyohiyo. Na tofauti na F1, wewe hushuki kwa sekunde mbili. Unashuka kwa dakika nyingi, polepole, mashine ya kawaida tu inatosha kumeza. Kwangu mimi malori ndiyo yanayostahili teknolojia hii kabla ya gari lolote la mbio.

Mzee wa V10

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba nipinge kidogo, kwa heshima.

MsomaMita umeipamba sana MGU-H. Sema na upande wa pili. Honda waliingia 2015 na McLaren, MGU-H ikawatesa mpaka 2017, McLaren wakaachana nao. Kampuni kubwa yenye mafundi wa kila aina ilihangaika miaka. Nani mwingine angethubutu kuingia? Walipokubali kuitoa, ndipo Audi wakatangaza kuja, Ford wakarudi kwa kushirikiana na Red Bull. Pia, kitu kinachozunguka mara laki moja na ushee kwa dakika, mimi na wewe tutakitumia wapi barabarani? Na sauti ya injini waliiua, hilo silisamehe.

MsomaMita

Mzee wangu heshima kwako. Gharama nakubali, na ya Honda ni kweli kabisa. Ila malizia hadithi yao: waliita wahandisi wa HondaJet, watu wa injini za ndege, wakaisaidia MGU-H. 2021 Max Verstappen akachukua ubingwa na injini hiyohiyo ya Honda. Ujuzi ulipatikana. Kinachoniuma ni kwamba ulipatikana, ukaiva, halafu mlango ukafungwa.

Kuhusu barabarani, hapo sikubaliani nawe. Porsche 911 Carrera GTS ya 2024 ina turbo yenye mota ya umeme kwenye shafti yake. Inaizungusha turbo mapema, na moshi ukizidi inageuka jenereta, inatoa hadi kilowati 11. Ni MGU-H, ndogo, kwenye gari lenye namba za barabarani. Na Porsche hawakuianzia hapo. 919 Hybrid yao ilishinda Le Mans 2015, 2016 na 2017 ikiwa na jenereta ya egzosi, na kwa maelezo yao asilimia 40 ya nishati waliyorudisha ilitoka kwenye moshi, 60 kwenye breki za mbele.

Angalia hilo neno, za mbele. Ukifunga breki uzito wa gari unalala mbele, kwa hiyo mavuno makubwa yako mbele. Porsche walilijua, Toyota walivuna mbele na nyuma, Formula E ya sasa, mbio za magari ya umeme, inavuna mbele na nyuma. Formula 1 ya 2026 imeondoa MGU-H, imepandisha MGU-K hadi kilowati 350, na bado inavuna nyuma tu. Ile kona yetu kwa kilowati 350 na sekunde mbili inakupa megajuli 0.7. Bado hujafika robo. Halafu betri yenye megajuli 4 za kutumia, kwa kilowati 350, inakauka ndani ya sekunde 11 na kitu. Ndiyo maana madereva wanalazimika kuachia mafuta mapema na injini kuchaji betri barabarani. Umeondoa chanzo kilichokuwa kinatiririka muda wote, ukaongeza mahitaji mara tatu. Mwenye jibu la hilo naomba alilete, namsikiliza kwa masikio mawili.

Mzee wa V10

Hiyo ya breki za mbele sikuwa nimeifikiria. Ila nadhani waliogopa kuligeuza gari la F1 kuwa la kuvuta magurudumu manne, na timu zilizotoka Le Mans zingekuja tayari na ujuzi wa mota ya mbele. Gharama inabaki pale pale. Sauti nayo.

Binti Fizikia

Kwa kuwa Formula E imetajwa: Gen3, gari lao la kizazi cha tatu, iliyoanza msimu wa 2023, ndiyo inayovuna kuliko zote. Mota ya nyuma kilowati 350, ya mbele kilowati 250 kwa ajili ya kuvuna, jumla 600. Zaidi ya asilimia 40 ya nishati inayotumika kwenye mbio inatoka kwenye breki. Walikuja bila breki za mafuta nyuma kabisa, mota ndiyo breki.

Ila tusisahau Valencia, Aprili 2021, enzi za Gen2. Enzi hizo gari la usalama (linaloongoza magari polepole kukiwa na hatari) likiingia, nishati inayoruhusiwa kutumika ilikuwa inapunguzwa. Siku ile liliingia mara nyingi. António Félix da Costa aliyekuwa anaongoza akavuka mstari sekunde chache kabla ya muda kuisha, kwa hiyo ukaongezeka mzunguko mmoja ambao wengi hawakuupigia hesabu. Magari yakaanza kukauka moja moja, mengine yanatambaa, mengine yamesimama. Nyck de Vries, aliyebakiza ya kutosha, akashinda. Kuna watu waliyacheka mashindano yale. Mimi niliona ni mtihani halali: dereva na injinia wake wanatakiwa kujua wana kiasi gani na njia iliyobaki ni kiasi gani.

Subira_Moro

Kaka MsomaMita na dada Binti Fizikia, nimejifunza mengi. Mimi nina Toyota Aqua. Kuna gia imeandikwa B. Aliyeniuzia aliniambia niendeshe kwenye B mjini ili betri ijae haraka. Ni kweli?

MsomaMita

Dada Subira, hapana. Endesha kwenye D.

Kwenye D ukikanyaga breki kwa upole na mapema, kazi ya kupunguza mwendo inafanywa kwanza na mota, umeme unakwenda kwenye betri. Pedi na diski zinaingia ukikanyaga kwa nguvu au gari likikaribia kusimama. B inaongeza kazi nyingine: inaizungusha injini bila mafuta ili injini yenyewe ikushike. Nishati inayoliwa na injini hapo haiendi kwenye betri, inatoka egzosi kama hewa ya moto. Kwa hiyo mjini B inakupunguzia mavuno.

B ina kazi yake kwenye mteremko mrefu, betri ikishajaa na haipokei tena. Pale nishati imekosa pa kwenda, na unataka iende kwenye injini badala ya kwenda kwenye pedi. Ukiwa unashuka mlima, mita ya betri imejaa, weka B. Ukifika tambarare rudisha D.

Betri ya Aqua za mwanzo, zile za nikeli, ni volti 144 kwa ampea-saa 6.5. Hiyo ni karibu uniti moja ya LUKU, na gari linatumia sehemu tu ya hiyo ili betri idumu.